Nauza asali Tabora, imeili zangu kwenye simu hazisomeki, nifanyeje?

"Mwangaluka kaka, pole na kazi. Mimi ni dada nauza asali hapa Tabora mjini, nachukua kwa warina asali wa Sikonge na Urambo, nachuja napaki chupa za nusu lita na lita moja. Nina imeili kama 400 za wateja, kuna mahoteli na maduka ya Dar na Dodoma, kuna watu walionunua kwangu Nane Nane wakaniachia imeili, na wageni wachache waliopita huku kikazi. Mzigo mpya ukiingia natengeneza tangazo kwenye Canva saizi ya A4, lina picha ya asali, bei, faida za asali, namba za simu, naliweka kwenye imeili na PDF yake naiambatisha, nawatumia wote kwa pamoja. Kwenye laptop linapendeza kabisa. Ila nikipiga kuuliza wananiambia dada hatuoni kitu, maandishi madogo, mwingine anasema ameona boksi tupu. Kijana wa steshenari kaniambia niongeze ubora wa picha, nimeongeza mpaka imefika MB 6 na hali ni ileile. Mwingine kasema imeili imepitwa na wakati nibaki na WhatsApp tu. Nikuze maandishi, ninunue programu, au niachane nayo?"

Mwangaluka dada yangu, ahsante kwa kueleza mpaka mambo ambayo wengi huwa wanayaruka. Nikikuelewa vizuri, watu unawafikia, jina lako wanalijua, asali yako wanaitaka, ila wakifungua imeili wanakutana na kitu ambacho simu yao haiwezi kuwaonyesha, basi wanafunga wanaendelea na shughuli zao. Hilo linarekebishika, na sehemu kubwa yake huhitaji kununua chochote.

Nianze na ushauri wa kuongeza ubora wa picha, kwa sababu huo umekupeleka upande usio wenyewe na umewagharimu wateja wako bando. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Simu nyingi ambazo watu wanashika, hizi Tecno, Infinix, Samsung za kawaida, skrini yake ina upana wa kama sentimita 7 ukiishika wima. Kwahiyo tangazo lako la A4 likifika pale linabanwa mpaka linakuwa theluthi moja ya upana wake, na kila kilichomo kinabanwa pamoja nalo. Herufi uliyoiandika kwa saizi 12 mteja anaiona kama saizi 4. Hapo hata ukiweka picha ya MB 20, skrini itabaki ya sentimita 7 na herufi itabaki ya saizi 4, tofauti ni kwamba itakuwa herufi ndogo yenye kingo kali zaidi. Ubora wa picha unasaidia pale picha ilipokuwa na ukungu, na shida yako wewe ni udogo.

Sasa ukiuliza je nikuze maandishi, fanya hesabu hiyohiyo kwa kurudi nyuma. Ili mteja aone saizi 12 kwenye simu, wewe kwenye A4 inabidi uandike saizi 36. Kaa kwenye Canva ujaribu kuweka bei zote, faida za asali, namba tatu za simu na maelekezo ya duka kwa saizi 36, utaona karatasi inakuishia kabla hujafika katikati. Kwahiyo kukuza tu hakutoshi, kinachotakiwa ni kubadilisha namna ujumbe unavyoingia kwenye imeili.

Jambo lenyewe ni hili. Maandishi ya kawaida yaliyochapwa ndani ya imeili ni kama asali, ukiyamimina kwenye chupa nyembamba yanakaa, ukiyamimina kwenye ndoo yanakaa, yaani simu inayapanga upya yenyewe kulingana na upana ilionao, mstari ukijaa neno linashuka chini. Picha haina uwezo huo, maneno yaliyochorwa ndani ya picha yameshaganda pale yalipo, na simu inachoweza kufanya ni kuibana yote au kuikata. Ndio maana kwenye laptop yako ilipendeza, laptop ina upana wa kutosha kuionyesha bila kuibana sana. Wewe ulikuwa unaikagua kwenye kioo ambacho wateja wako wengi hawatumii kusomea imeili zao.

Na yule aliyeona boksi tupu hakukosea. Kuna sababu mbili za kawaida. Moja ni uzito, MB 6 kwenye mtandao unaosuasua haishuki haraka, na programu nyingine za imeili hazishushi kitu kikubwa mpaka mtu abonyeze, kwahiyo anachokiona ni fremu. Ya pili ni mipangilio, hasa maofisini na mahotelini ambako wanatumia Outlook ya kwenye kompyuta, yenyewe kwa kawaida inazuia picha zinazovutwa kutoka mtandaoni mpaka msomaji aruhusu. Gmail tangu mwisho wa 2013 inazionyesha bila kuuliza, ila mtu anaweza kuizima hiyo akisema aulizwe kwanza, na watu wanaobana bando wanaizima kweli. Sasa kama ujumbe wako wote ni picha, picha isipofunguka umetuma karatasi nyeupe. Kama ujumbe ni maandishi na picha ni pambo tu, isipofunguka mteja bado amejua asali imefika na bei ni kiasi gani.

PDF iache kabisa kwenye matangazo. Inamtaka mteja aishushe, asubiri, aifungue kwenye programu nyingine, halafu akutane na A4 ileile. PDF ina kazi yake, hoteli ikikuomba proforma au orodha kamili ya bei mtumie, hapo ameomba mwenyewe na atakaa nayo mezani.

Nimesema nikuonyeshe badala ya kukusimulia tu. Mimi ningekuwa ndio nauza huo mzigo wako, imeili ingekuwa hivi, bei nimeweka za mfano:

Jina la mtumaji: jina la biashara yako, lilelile lililo kwenye lebo ya chupa.

Kichwa: Asali mpya ya Sikonge imefika

Mstari wa kuchungulia: Nusu lita 8,000, lita moja 15,000. Oda mwisho Jumatano.

Ndani:

Habari za kazi,

Asali ya mavuno mapya kutoka Sikonge nimeshaichuja na kuipaki. Ni ya miti ya miyombo, rangi ya kahawia.

Nusu lita ni 8,000, lita moja ni 15,000. Kuanzia chupa 12 napunguza bei.

Mzigo wa Dar na Dodoma naupandisha basi Alhamisi, kwahiyo oda nazipokea mpaka Jumatano jioni.

Kitufe: Agiza kwa WhatsApp

Halafu picha moja ya chupa, jina lako, duka lilipo, na linki ya kujitoa kwa asiyetaka tena. Imeisha.

Najua utaniuliza faida za asali zimeenda wapi. Nimezitoa kwa makusudi. Huyu mtu alishanunua kwako au hoteli yake inatumia asali kila asubuhi, hahitaji kushawishiwa kwamba asali ni nzuri, anahitaji kujua ipo, shilingi ngapi, na aipateje. Pia nikuombe kama ndugu, yale maneno ya kwamba asali inatibu vidonda vya tumbo, presha na kadhalika usiyaandike kwenye tangazo kama huna uthibitisho wa kitaalamu, kuna mtu atayaamini akaacha dawa zake.

Tuongelee kichwa cha imeili kwanza maana ndicho kinachoamua kama utafunguliwa. Kwenye simu mteja anaona vitu vitatu tu kabla hajafungua, jina la mtumaji kwa herufi nzito, kichwa, na mstari wa kijivu unaofuata, ndio ule niliouita mstari wa kuchungulia. Kichwa kwenye simu ikiwa wima kinaonekana kama herufi 30 mpaka 40 hivi halafu kinakatwa. Ukiandika TANGAZO TANGAZO KARIBUNI WATEJA WETU WAPENDWA MJIPATIE, nafasi imeisha na asali hujaitaja. Hicho nilichokuandikia ni herufi 29 pamoja na nafasi, kinakaa chote. Huo mstari wa kijivu usipouandika mwenyewe simu inachota maneno yoyote ya kwanza inayoyakuta ndani, na kama juu kabisa una linki ya kwamba fungua kwenye kivinjari, basi ndiyo itakayosomeka badala ya bei yako. Programu za kutumia imeili kwa wengi zina sehemu maalumu ya kuujaza. Na jina la mtumaji liwe la biashara, lisiwe neno kama info wala jina la kijana aliyekufungulia akaunti.

Ndani ya imeili panga safu moja, kitu kinafuata kingine kwenda chini. Zile templeti zenye safu mbili tatu, chupa kushoto maelezo kulia, zinavutia ukiziona kwenye laptop na zinaahidi kwamba kwenye simu zitajipanga zenyewe. Mara nyingi zinajipanga, sio mara zote, kwa mfano mtu akitumia programu ya Gmail kwenye simu lakini akaunti yake ni ya kampuni nyingine, yale maelekezo ya kujipanga huwa yanapuuzwa na safu zinabaki zimebanana. Safu moja haina kwa kuharibikia. Upana wa ujumbe usizidi pikseli 600, ndio kipimo kilichozoeleka na templeti nyingi zinakuja nacho tayari. Maandishi ya kawaida weka 16, kichwa cha ndani 22 au 24, mistari ipishane vizuri, yaanzie kushoto, usiyaweke katikati yote kama kadi ya harusi. Herufi kubwa tupu ziache maana zinachosha macho. Na aya ziwe fupi kuliko unavyozoea, kwa sababu aya ya mistari minne kwenye laptop ikifika kwenye simu inakuwa kama mistari kumi, mteja anaona ukuta wa maneno.

Picha sasa. Wengi wanashangaa mbona nikiweka picha ileile WhatsApp inaenda haraka na kwenye imeili inagoma. WhatsApp inaikandamiza picha yenyewe kabla ya kutuma, imeili inaituma kama ulivyoipa, ukimpa MB 6 anapokea MB 6. Kwahiyo kazi ya kuipunguza ni yako. Iweke upana wa pikseli 1200, ihifadhi kama JPEG, punguza ubora mpaka iwe chini ya KB 150 au 200. Canva yenyewe unapotengeneza faili unachagua upana, na wakati wa kushusha ukichagua JPEG unaona kuna sehemu ya ubora, ishushe mpaka kama 70 uangalie, kwa macho hutaona tofauti. Pikseli 1200 zinatosha sana kwa simu hizi, zaidi ya hapo ni mzigo wa bure. Ukitoka MB 6 ukaenda KB 150 umepunguza mara 40, na mtu aliyeko Kaliua au Sikonge kwenye mtandao wa kuhangaika anaiona. Kila picha iandikie maneno mbadala, ni sehemu ndogo inayotokea ukibonyeza picha kwenye programu, andika tu "Chupa ya asali ya lita moja, 15,000", ili ikigoma kufunguka maneno hayo yatokee mahali pake, na pia mtu asiyeona vizuri simu yake itamsomea.

Kwenye mwanga wa usiku kuna jambo moja linawakuta wengi bila wao kujua. Watu wengi wameweka simu zao kwenye hali ya giza, mandhari meusi maandishi meupe, na programu za imeili zinaweza kugeuza rangi za ujumbe wako zenyewe. Kama logo yako ina maandishi meusi na umeihifadhi bila mandhari nyuma, ikikaa juu ya giza inapotea kabisa. Iwekee mandhari meupe au ya njano ya asali ndani ya picha yenyewe. Na maandishi ya kijivu hafifu usitumie, juani pale nje ya soko hayasomeki, usiku nayo hayasomeki.

Kitufe ndio mahali pa kutulia kidogo kwa sababu hapo ndipo hela inapoingia. Kiwe kimoja. Nasema hivyo nikijua utatamani kuweka Instagram, Facebook, ramani, namba tatu, vyote vikiwa vidogo vidogo vimepangana chini. Kidole gumba hakibonyezi vitu vidogo vilivyokaribiana, kitabonyeza cha jirani, mtu atajikuta Instagram anaangalia mambo mengine na oda imepotea. Apple wanashauri kitu cha kubonyezwa kisipungue pointi 44 kwa 44 na Google wanasema dp 48, hivyo ni vipimo vya skrini, na hiyo 48 kwenye kioo ni kama milimita 9, upana wa ncha ya kidole. Kiwe na rangi iliyokolea na maandishi yanayosema kitakachotokea, "Agiza kwa WhatsApp" ni bora kuliko "Bofya hapa". Na usikitengeneze kama picha kwenye Canva, tumia kitufe cha programu yenyewe ili picha zikizuiwa kibaki.

Kitufe hicho kipeleke moja kwa moja kwenye WhatsApp yako. Linki inaandikwa wa.me/ halafu namba yako ikianzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, yaani wa.me/2557XXXXXXXX. Unaweza hata kuongeza mwishoni ujumbe uliokwisha andikwa, kwa mfano "Naomba asali ya lita moja, chupa", mteja akibonyeza anakuta maneno yapo tayari anajaza idadi tu anatuma. Kuna mteja wangu wa Ujiji anauza mawese, yeye kwenye ujumbe huo ameweka neno IMEILI mwanzoni, kwahiyo oda ikiingia anajua imetoka wapi bila kuuliza. Fanya hivyo na wewe, maana ile namba ya waliofungua ambayo programu zinakuonyesha haiaminiki sana, tangu Septemba 2021 iPhone zina ulinzi wa faragha kwenye programu ya Apple Mail unaoshusha picha zenyewe hata kama mtu hajasoma, basi inahesabika kafungua. Hesabu waliobonyeza, na zaidi hesabu oda.

Tahadhari nyingine ya haraka, usiandike tangazo kwenye Word halafu ukakopi ukapesti. Word inakuja na mlolongo mrefu wa msimbo usiouona. Gmail ikikuta msimbo wa ujumbe umezidi kama KB 102 inaukata, inaacha linki ya kuona ujumbe wote, na kinachokatwa ni mwisho wake, ambako kuna anwani yako na linki ya kujitoa. Picha hazihesabiwi humo, ni maandishi na msimbo wake. Chapa moja kwa moja au pesti bila fomati.

Haya, kutuma. Umesema unawatumia wote kwa pamoja, na hapa dada ningependa usimame kabisa kabla ya mzigo unaofuata. Kama umewaweka wote kwenye sehemu ya mpokeaji, kila mmoja anaona imeili za wenzake 400, hoteli inaona maduka yanayonunua kwako na kinyume chake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuna Tume inayoisimamia, imeili ya mtu ni taarifa yake binafsi na kumtangazia kunahitaji ridhaa yake. Wale wa Nane Nane walikuachia imeili wakiwa wamekubali kutumiwa matangazo? Kama huna hakika, waandikie mara moja kwa upole uwaulize kama wanataka kuendelea, asiyejibu muondoe. Hao 400 wakibaki 180 wanaotaka kweli utauza zaidi kuliko sasa.

Hata ukitumia ile njia ya kuwaficha wapokeaji, yaani kuwaweka kwenye sehemu ya Bcc, Gmail ya bure ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, ukikizidi inakufungia kutuma kwa muda, na haina kitufe cha kujitoa. Mtu asipoona pa kujitoa anabonyeza spamu. Google inataka watumaji wasifikie malalamiko ya spamu ya asilimia 0.3, na wewe kati ya watu 400 wawili tu wakibonyeza tayari ni asilimia 0.5. Baada ya hapo hata hoteli inayokupenda haikuoni, umelala kwenye folda ya spamu.

Kwahiyo swali lako la kununua programu, jibu langu ni tumia programu ya kutumia imeili kwa wengi, Mailchimp na Brevo ndizo wengi wanaanza nazo, zina mipango ya bure yenye kikomo, angalia kikomo chao cha siku hiyo unapojisajili kwa sababu wanabadilisha. Zinakupa templeti ya safu moja, kitufe, linki ya kujitoa, na orodha inayojisafisha. Ila zina sharti moja ambalo watu wanalikwepa halafu wanalalamika programu mbovu. Huwezi kutuma kupitia kwao ukitumia anwani yako ya gmail.com ukategemea ifike salama. Ile programu haina mamlaka ya kusaini kwa niaba ya gmail.com, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na vyote pamoja na DMARC. Kwa lugha ya kawaida SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM ni saini ya siri inayothibitisha ujumbe haukughushiwa, na DMARC ni maelekezo ya nini kifanyike vikigoma. Ili uviweke unahitaji domeini yako mwenyewe, yaani jina lako la mtandaoni linalokaa baada ya alama ya @, ya .co.tz inafaa sana. Hiyo ndio gharama halisi ninayokushauri uiingie, na inalipwa kwa mwaka.

Kama kwa sasa hela ya domeini haipo, usikae bure. Chagua wateja 20 au 30 wakubwa, mahoteli na maduka, uwaandikie kwa Gmail yako mmoja mmoja maandishi matupu kama nilivyokuonyesha, picha moja ndogo, kwa jina la mhusika. Inachukua asubuhi moja na inasomeka kwenye simu yoyote.

Kuhusu kuacha imeili ubaki na WhatsApp, huyo aliyekushauri ana nusu ya ukweli. Wateja wako wa Isevya, Ng'ambo, Kanyenye, wanaonunua chupa moja moja nyumbani, hao WhatsApp inawatosha na wala usiwasumbue kwa imeili. Ila orodha moja ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256 na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, afisa manunuzi wa hoteli Dodoma hajakuhifadhi. Yeye kazi yake yote iko kwenye imeili, akitaka kumwonyesha bosi wake anaifowadi, mwezi ujao akikutafuta anaandika asali anakuona. Wale wageni walioondoka hivyohivyo, na hao watenganishe kwenye orodha yao uwaandikie Kiingereza, usichanganye lugha mbili kwenye ujumbe mmoja maana unaurefusha mara mbili. Tumia vyote, kila kimoja kwa watu wake.

Kabla ya kutuma kwa wote, jitumie mwenyewe, na mtumie mtu mwenye simu ya bei nafuu, mwenye iPhone, na mwenye Outlook ofisini. Privyuu ya kwenye programu isikutoshe. Shika simu kwa mkono mmoja, zima waifai tumia data, toka nje juani, uone kama unajua bei na unaweza kubonyeza kitufe bila kuvuta kwa vidole viwili. Ukilazimika kuvuta, kuna kitu bado ni kidogo. Rudia na hali ya giza ikiwa imewashwa.

Mengi ya haya utayafanya mwenyewe, naamini hivyo kwa jinsi ulivyoandika. Sehemu ya kumtafuta fundi mkakaa ana kwa ana ni ile ya domeini na hizo rekodi za SPF, DKIM na DMARC, kwa sababu herufi moja ikikosewa hakuna kinachofika na hutajua kwanini. Vilevile kama Gmail yako imeshafungiwa, au wateja watatu wanne wanakuambia wanakuta ujumbe wako kwenye spamu, usiendelee kutuma, tafuta mtu aangalie kwanza. Tabora mjini vijana waliosoma kompyuta wanaoweza kazi hii wapo, na domeini ikiwa tayari ni kazi ya kukaa mara moja. Kaa naye mezani, domeini isajiliwe kwa jina lako na imeili yako, nywila ziwe kwako. Akimaliza mwambie atume ujumbe wa majaribio kwenye Gmail yako, ufungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu pembeni ya ujumbe uchague kuonyesha ujumbe asili. Juu pale kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja unatakiwa usomeke PASS. Pesa iliyobaki mpe baada ya kuziona zote tatu.